Mbwa Aliyenifunza Kituo

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikibishana juu ya vina na mizani, na najua wapo waliokwisha kunichoka kwa hilo. Leo naomba mnivumilie kwa jambo lingine: nataka kuwasimulia habari za mbwa. Sisemi hivyo bila haya. Mbwa hana cheo kikubwa katika lugha yetu. Tukitaka kumtusi mtu twamwita mbwa, na tukitaka kumshusha zaidi twaongeza "koko" mwishoni. Hata methali zinazomtaja kwa wema ni za kuhesabika. Lakini huyu ninayemsema aliniletea swali la lugha lililonihangaisha karibu mwaka mzima, na jibu lake nilipewa na mzee mmoja asiyesoma wala kuona. Kwa hiyo habari hii ni yenu pia.

Naishi Same, chini ya Milima ya Upare, upande ule ambao mawingu huishia juu kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena, nasi wa tambarare tukaachiwa upepo na vumbi. Abiria wapitao kwa basi baina ya Dar es Salaam na Moshi huona mkonge, migunga na mibuyu, wakadhani hapana kitu. Wangeshuka alfajiri wangekuta kanga. Makundi kwa makundi hushuka mitini walikolala, wakapekua udongo huku wakigombana kwa sauti kama ya bawaba isiyotiwa mafuta. Wapo kwale pia, na tombo baada ya mvua za masika, na kereng'ende mwenye shingo nyekundu. Neno hili kereng'ende, nilipenyeze hapa, ni la ndege huyo na vilevile la yule mdudu mwenye mabawa manne arukaye juu ya maji ya ndiva zetu za kumwagilia. Mshairi atakayelitumia bila kuonyesha anamkusudia yupi asimlaumu msomaji.

Mwaka niliostaafu ualimu, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyepata kazi katika shamba moja la kahawa upande wa Moshi, aliniletea kijibwa jike ndani ya kikapu. Mama yake alikuwa mbwa wa kuwindia ndege kutoka Ujerumani, wa aina ambayo wenyewe huiita Deutsch Kurzhaar, maana yake ikiwa ni Mjerumani mwenye manyoya mafupi. Baba hakujulikana, na masikio ya mtoto yaliyogoma kulala vizuri yalinifanya nimshuku mbwa fulani wa kienyeji mwenye bidii. Wajukuu wangu wakamwita Popi, jina la nusu ya mbwa wote wa Tanzania, nami sikuwa na la kusema.

Alikuwa na rangi ya maini kichwani, na mwili mzima umenyunyiziwa madoa meupe na ya kahawia, madogo madogo, kiasi kwamba akisimama kwenye nyasi kavu unampoteza. Mke wangu alimtazama mara moja akasema, "Huyu kavaa kanga." Alikuwa na haki. Husimuliwa kwamba ile nguo tunayoivaa na kuandikia mafumbo ilipewa jina la ndege huyo kwa sababu zile za kwanza zilikuwa na madoa kama yake. Basi hapa palikuwa na mbwa aliyeumbwa kuwatafuta kanga, naye mwenyewe amevishwa sare yao.

Jike wa aina hii hufika kimo cha sentimita 53 hadi 59 begani na uzito wa kilo 20 hadi 27; dume huzidi kidogo. Wangu nilimpima juu ya mizani ya mahindi alipotimiza mwaka, akatoa kilo 23. Lakini vipimo havikuambii lolote juu ya tabia yake. Mbwa wa kienyeji, ambaye nimeishi naye tangu utotoni kule mlimani, anajua kulala. Anachagua kivuli, anajikunja, na dunia haimhusu mpaka mgeni abishe hodi. Huyu hakujua kulala mchana. Watu waliomzalisha tangu karne ya 19 walitaka mbwa wa kutembea na mwindaji kutwa nzima, wa kunusa ndege, wa kumwendea aliyeanguka na kumleta bila kumtafuna, hata kama ameangukia majini. Ngozi baina ya vidole vyake imetanda kidogo kwa ajili ya kuogelea. Nguvu hiyo yote ilikuja ndani ya kikapu, na mimi nikaifunga kwa mnyororo chini ya mwembe.

Mnajua yaliyotokea. Alikula kandambili tatu, ukingo wa ndoo, na kamba ya kuanikia nguo. Siku aliyojinasua akaingia sebuleni na kuitafuna kamusi yangu tangu mwanzo hadi katikati ya herufi M. Nisiseme alikuwa akijitafuta. Nilimpiga. Naliandika hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu nililijutia. Alijikunyata pembeni akitetemeka, na kwa siku mbili kila nilipoinua mkono hata kuchukua kofia alilala chini. Mbwa wa aina hii wana moyo laini kuliko miili yao. Ukiwapigia kelele wanavunjika, ukiwafundisha kwa subira na kipande cha nyama wanajifunza jambo kwa siku moja. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa la mtu aliyepokea mkimbiaji akamfanya mlinzi wa mwembe.

Ndipo nikaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Saa moja na nusu ya mwendo kila siku, na jioni tena nusu saa, mvua au jua. Nilimfunga kamba ya mkonge ya urefu wa mita kumi, inayoburuzika nyuma yake ili awe huru nami niwe na mahali pa kukanyaga akinizidi. Wiki ya pili ya utaratibu huo akaacha kutafuna vitu. Wiki ya tatu, tukipita kwenye shamba la mkonge lililoachwa, akasimama.

Nifafanue kusimama huko, maana ndiko kulikoleta ugomvi wote. Alikuwa akikimbia kwa mzunguko, pua juu, akiukata upepo kushoto na kulia. Ghafla mwili mzima ukakoma. Mguu mmoja wa mbele ulibaki umekunjwa hewani, mkia umenyooka, shingo imenyooka, pua imeelekea kwenye kichaka cha nyasi hatua kumi na tano mbele. Hakubweka, hakupumua kwa sauti, hata sikio halikucheza. Nilihesabu hadi arobaini. Nilipopiga hatua kuelekea kichaka, kwale wawili walikurupuka kwa kishindo kilichonitoa kofia, naye akageuka kunitazama, kana kwamba ananiuliza kwa nini nimechelewa.

Hakuna aliyemfundisha. Watoto wa aina hii hulifanya wakiwa na miezi michache tu, hata kwa unyoya uliofungwa kwenye fimbo. Waingereza wamelitoa jina la mbwa kutokana na tendo hilo. Kwao yeye ni pointer, basi, wamemaliza. Mimi nilirudi nyumbani nikitaka kumweleza mke wangu alichofanya mbwa, nikajikuta sina neno.

Nilijaribu mengi. Anaonyesha? Kuonyesha kunataka kidole na mtu wa kuonyeshwa, na mbwa huyu angesimama vilevile hata kama mimi sipo. Anaashiria? Hilo ni la askari wa barabarani. Anadokeza? Hapo nilikaribia, maana dokezo ni kusema nusu na kuacha nusu, na sisi watunzi twalipenda. Ila mwenye kudokeza huwa anajua kwamba anaficha jambo, na mbwa hafichi kitu. Ananyemelea? Kunyemelea ni mwendo. Anavizia, anaotea? Mwenye kuotea hujificha akikusudia kuruka, naye huyu alisimama wazi, na kuruka ndiko alikojinyima. Ameganda? Samli huganda, na mtu mwenye hofu. Niliwauliza watunzi wenzangu kwenye kundi letu la simu. Nilipata maneno kumi na manne na matusi mawili. Aliyenijibu "anapointi" sitamtaja, lakini anasoma hapa.

Yule mzee ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa mtoto mwaka 1951 Mkomazi ilipofanywa pori la akiba, na mwaka 2008 ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa alikwisha kuwa babu. Katika ujana wake alikuwa msasi. Hili nalo ni neno la kulitazama. Twasema kusaka, na mwenye kusaka ni msasi, kama vile apikaye alivyo mpishi, aandikaye mwandishi, na achekaye akawa mcheshi: sauti ya k ililainika mbele ya i katika Kiswahili cha kale, na maneno haya yamebaki kama nyayo kwenye udongo uliokauka. Leo watu husema mwindaji tu. Mzee hakubali. Kwake mwindaji ni yeyote mwenye kibali na bunduki, na msasi ni mtu aliyekwenda kwa miguu, na mbwa wake, na mwiba wake. Ile methali ya kwamba msasi haogopi mwiba aliizungumza akinipa unyayo wake niupapase.

Alikwisha kuacha miaka mingi kabla macho hayajamwishia. Kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, na ndani ya hifadhi hakuna kuwinda kabisa, jambo ambalo nalitaja waziwazi ili asije mtu akasema nimemfundisha kosa. Mimi mwenyewe sina bunduki wala nia. Mbwa wangu husimama, ndege huruka, nami hutazama wanakoelekea, basi. Na katika miezi ya kutaga hatupiti nyasini, twafuata barabara. Mzee ndiye aliyenionya: kanga hutaga chini, katika nyasi anazozijua, na akibughudhiwa huliacha kiota. Nimeisema methali ya kanga hazai ugenini tangu shule ya msingi, na sikuwahi kufikiri kwamba aliyeitunga alikuwa amechutama mahali akitazama.

Presha ya macho ilimpofusha Mzee taratibu, jicho moja kisha la pili. Alipojua kwamba nina mbwa wa ndege alinitumia mjukuu wake aje kuniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, nasikia una mbwa anayesimama."

"Ninaye."

"Nichukue."

Nilisita. Mzee ni Mwislamu wa swala tano, na nilifikiri mate ya mbwa yatamwudhi. Akacheka. Akaniambia kwamba mbwa aliyefunzwa kuwinda ametajwa katika Kurani yenyewe, Sura ya Al-Maida, na alichokikamata ni halali kwa masharti yake. Baadaye nilimwuliza shekhe mmoja, akanithibitishia, akaniongezea kwamba neno la Kiarabu linalowataja hapo wafunzaji, mukallibina, lina mzizi wa kalb, yaani mbwa. Tukapatana: kamba mkono wangu wa kushoto, Mzee mkono wangu wa kulia, na mbwa ana bakuli lake asiloligusa mtu mwingine.

Tulitoka hivyo mara mbili au tatu kwa wiki. Yeye alitaka kuelezwa. Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa maskini wa maneno, mimi niliyesahihisha insha kwa miaka thelathini na moja. "Yuko wapi sasa?" "Anakimbia upande wa mlima." "Anakimbiaje?" Nikakwama. Anakimbia kwa kujipinda? Kwa kuzunguka? Mzee akaniambia: sema anapepeta. Nikatazama, na kweli alikuwa akiupepeta upepo kama mtu na ungo, kushoto na kulia, akiacha makapi yaende.

Kisha akasimama. Nikakaza mkono wa Mzee.

"Anafanya nini?"

Nikaanza orodha yangu yote: amesimama, ameganda, anaonyesha, mguu juu, mkia hivi. Mzee akanikatiza.

"Ndege wametua?"

"Wametua."

"Na yeye?"

"Yeye... kasimama."

"Naye ametua, mwalimu. Mbwa wa kufukuza ana mbio. Huyu ana kituo."

Sikumjibu. Kanga walikuwa kumi na wawili, waliruka kuelekea bonde la chini, na Mzee aligeuza uso kuufuata mlio wao mpaka ulipokwisha.

Sasa ninyi mwaniona nilivyorudi nyumbani. Ndege hutua, mzigo hutuliwa, jua hutua, na kutulia kwenyewe ni mtoto wa kutua. Kituo ni pale basi lisimamapo, na ni alama ya uandishi impayo msomaji pumzi, na katika shairi ni mshororo wa mwisho wa ubeti, ule ambao ukirudiwa twauita kibwagizo au kiitikio. Nimefundisha kwamba kituo ni mwisho. Mbwa alikuwa akinionyesha kituo kisicho mwisho: kila kitu kimesimama kwa sababu kuna kitu mbele hakijaruka bado. Usiku huo nilizipitia tungo zangu za zamani nikakuta vituo vingi vilivyolala, vilivyowekwa pale kwa sababu ubeti ulikuwa umejaa tu. Wajukuu walilalamika, lakini toka kesho yake Popi akawa Kituo.

Ni vizuri niseme na matunzo yake, kwa kuwa kuna wasomaji watakaotamani mbwa wa namna hii baada ya kusoma haya, na wengi wao nawashauri wasimchukue.

Joto la Same ni adui wa kwanza. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema, na mbwa asiyejua kujihurumia atakimbia mpaka aanguke. Saa mbili na nusu asubuhi twakuwa tumekwisha kurudi. Nachukua dumu la lita mbili, naye hunywa zaidi yangu. Wenye hifadhi husimulia kwamba jina Mkomazi limetokana na maneno mawili ya Kipare, mko, yaani kijiko cha mti, na mazi, yaani maji: maji ya kijiko. Kila nikilikumbuka hilo naongeza dumu la pili.

Kifua chake ni kirefu kwenda chini, na mbwa wenye kifua hicho wako katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota, jambo linaloua kwa saa chache. Hivyo hula mara mbili, kidogo kidogo, na hali karibu na mbio. Hula ugali wa dona kwa dagaa, au utumbo uliochemshwa. Makande, fahari yetu Wapare, nilimnyima japo alilia, kwa sababu ya vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Baada ya kila matembezi natazama masikio, nyayo na makwapa: kishona-nguo, mbigili, miba ya mgunga. Miezi ya joto namkataza mawe yenye mianya, maana bafe hupenda kulala hapo wala hakimbii.

Na chanjo. Kila mwaka, bila kukosa, ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu hauna tiba, lakini aliyeng'atwa akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akaenda hospitali siku ileile kuchanjwa, hupona. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nasi watu wa Same tuna sababu ya ziada. Ndani ya Mkomazi walizalishwa mbwa mwitu, wale wenye madoa na masikio ya duara, ili warudishwe porini, na mradi huo ulioanzishwa na Tony Fitzjohn katika miaka ya 1990 ulihitaji uangalifu mkubwa juu ya maradhi yatokayo kwa mbwa wetu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distemper uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa asiyechanjwa nyuma ya nyumba yangu si shauri langu peke yangu.

Kupe nimewaweka mwisho kwa kuwa ndio walionishinda.

Ilikuwa masika, nyasi ndefu. Nilikuwa nikimkagua masikioni na shingoni, nikijisifu. Sikuwa nikimpanua vidole. Siku moja Kituo hakupepeta. Alitembea kando yangu kama mbwa wa mwembe. Nikasema amechoka. Siku ya pili akaacha ugali. Nikasema joto. Siku ya tatu asubuhi nilikuta damu sakafuni, imemtoka puani, na nilipomfunua mdomo ufizi wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Siku tatu nilizoziita uchovu na joto ndizo zilizokaribia kumwua, na sina wa kumgawia lawama hizo.

Bwana mifugo alimpanua vidole vya mguu wa nyuma akanionyesha kupe wanne, wamevimba kama punje za mbaazi. Homa ya kupe. Alitoa doksisaiklini, siku 28, vidonge vyenyewe vimezwe na chakula ili visimchome tumbo, na akanionya nisiache dawa hata nikimwona amechangamka. Alinikanya pia nisimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe, kama wengi wafanyavyo. Sumu ile humwangusha mbwa kabla ya kupe.

Wiki ya kwanza sikuwa na hakika ya kesho. Nililala naye barazani. Mke wangu, ambaye kwa desturi hamgusi, alimpikia uji wa mchele na mchuzi wa mifupa akamlisha kwa mkono. Mzee alitembelea kila jioni, akiongozwa na mjukuu, akakaa kwenye kiti upande wa pili wa baraza. Hakusema maneno ya kufariji. Aliuliza tu, "Anapumuaje?" nami nikamweleza, na kwa sababu ya miezi ile ya matembezi nilikuwa nimejifunza kueleza. Nilimwambia pumzi inaingia kwa kudokoa. Nilimwambia leo inaingia kwa kina lakini inatoka kwa kukatika. Siku ya tisa nilimwambia anaota. Miguu yake ilikuwa ikicheza usingizini, mmoja wa mbele ukijikunja na kukunjuka. Mzee akanyanyua kidole akasema, "Wametua."

Tulirudi porini wiki ya sita, mwendo mfupi. Kituo alikuwa amekonda, mbavu za kuhesabika, na hakukimbia sana. Mzee alinishika mkono, fimbo mkono mwingine. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mkonge, na mlimani ng'ambo ya pili mtu alikuwa akikata kuni. Mbwa alipepeta mara mbili, akapumzika, akapepeta tena. Kisha mguu ukapanda.

"Ametua," nikasema.

"Kanga?"

"Sioni bado."

Tulisogea pamoja, hatua kwa hatua. Hakikuruka kitu. Nilisukuma nyasi kwa mguu, nikainama, nikacheka kwa sauti nisiyoikusudia. Alikuwa kobe, amejiingiza ndani ya gamba lake kando ya kisiki. Nilimwambia Mzee, nikitegemea atacheka naye, maana wenye mbwa wa kazi huona aibu mbwa akisimamia kobe. Hakucheka. Aliniomba nimshushe chini. Akapiga magoti kwa shida, nami nikaupeleka mkono wake mpaka kwenye gamba. Akaanza kulipapasa pingili moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa Kipare, bila haraka, na Kituo muda wote ule alibaki amesimama, mguu mmoja hewani, akimngojea amalize.